Masomo ya imani kwa watu wazima Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kwa watu wenyewe: mlangoni mwa kanisa baada ya misa ya kwanza, kwenye mashirika (jumuiya ndogo za msingi za waamini) ya mitaa ya Kadutu na Ibanda, na kwa ba-mama wanaotuuliza huku wamebeba mizigo ya soko. Majibu ni ya walei na mapadri tunaofundishana. Siku na saa hutofautiana kutoka parokia hadi parokia, kwa hiyo hayo uulize kwenye ofisi ya parokia yako.

## Kabla ya kuanza

1. Masomo haya ni ya nini? Katekesi nilimaliza zamani.

Uliimaliza ukiwa mtoto, na maswali yako yalikuwa ya mtoto. Tangu hapo umefunga ndoa, umezika watu wako, umekimbia vita, umeshika pesa za wengine, na mwanao amekuuliza kwa nini Mungu aliacha jambo fulani litokee. Majibu ya kukariri hayafiki huko. Masomo haya ni ya mkristo anayetaka kuijua imani yake kama fundi anavyoijua kazi yake: Maandiko, mafundisho ya Kanisa, sala, maadili, historia, kisha huduma anayoweza kutoa katika shirika na parokia.

Si jambo geni katika Kivu. Wamisionari wa Afrika, waliotuletea Injili, walianza na watu wazima. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kwamba mtu mzima aandaliwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Baadaye nguvu nyingi zilihamia kwa watoto wa shule, na mtu mzima akabaki na homilia (mahubiri ya misa) ya Dominika peke yake. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo tulipopoteza mengi. Mtu ana miaka hamsini, anaongoza jamaa kubwa, lakini imani yake bado imevaa nguo za kipaimara.

2. Nani anaruhusiwa kusoma? Je, nahitaji barua ya padri?

Kila mbatizwa anaruhusiwa. Kanuni ya 229 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba walei wana wajibu na haki ya kupata ujuzi wa mafundisho ya kikristo, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake. Zingatia neno haki: padri hakufanyii hisani anapokufundisha. Barua haihitajiki ili kusoma. Inahitajika baadaye, ukitaka kukabidhiwa huduma (tazama swali la 13).

3. Sijui kusoma vizuri. Nitaaibika.

Hutaaibika. Sehemu kubwa ya somo ni kusikiliza, kusimulia na kuulizana. Kifungu cha Injili husomwa kwa sauti mara tatu, na kabla ya mtu kukieleza, mwingine hukisimulia kwa maneno yake. Mara nyingi wanaokumbuka vizuri zaidi ni wazee ambao hawakukaa shuleni, kwa sababu wamezoea kushika neno kwa masikio. Ukihitaji msaada wa kuandika, mwambie mwenzako unayekaa naye karibu.

Mwenyeheri Isidore Bakanja wa Congo alikuwa mfanyakazi wa kawaida, tena kijana. Alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wenzake sala, akavaa skapulari ya Bikira Maria (vipande vya kitambaa vinavyoning'inizwa shingoni) waziwazi, akapigwa viboko kwa sababu hiyo na kufa kwa vidonda mwaka 1909. Hakuna aliyemdai cheti kwanza.

4. Masomo ni kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili. Hati kadhaa tunazipata kwa Kifaransa, na mwalimu ndiye anayebeba kazi ya kuzieleza. Kwenye vikundi vya milimani Kimashi hutumika, na kwenye maungamo tumia lugha ambayo moyo wako unaijua.

5. Ni bei gani, na ni muda gani?

Hatutozi ada. Fotokopi huchangiwa na darasa, na asiyekuwa na pesa hadaiwi. Mzunguko wa kwanza unafuata mwaka wa liturujia, kuanzia Majilio hadi Pentekoste, mara moja kwa wiki, na vipindi huisha mapema ili kila mtu afike kwake kabla ya giza. Hali ya usalama ikiwa mbaya, kila shirika huendelea lenyewe nyumbani kwa mmoja wa wanashirika, kwa maswali yaliyoachwa na mwalimu.

## Yale tunayosoma

6. Tunaanza na nini?

Na Injili ya Marko, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni fupi, na wengi wetu hatujawahi kuisoma mfululizo. Tunaijua vipande vipande kama inavyosomwa kwenye misa. Kisha tunafuata sehemu nne za Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992: imani tunayoiungama, sakramenti, maisha katika Kristo, sala. Baada ya hapo huja historia ya Kanisa na mafundisho ya jamii (swali la 10).

7. Biblia yangu ina vitabu 66. Naweza kuja nayo?

Njoo nayo. Agano Jipya ni lile lile la vitabu 27. Tofauti iko katika Agano la Kale: Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 46, kwa hiyo vyote ni 73. Vinavyokosekana kwako ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Makabayo, pamoja na sehemu fulani za Esta na Danieli. Tunapofika huko utasoma na mwenzako. Hatupendi kusikia mtu akiita Biblia ya jirani «Biblia mbaya».

8. Taalimungu (teolojia) haitaniharibia imani? Nimesikia wasomi huishia kutosali.

Hofu hii tunaisikia sana, tena kwa watu wenye imani kubwa, kwa hiyo tuijibu kwa heshima. Taalimungu, kama alivyosema Mtakatifu Anselmo, ni imani inayotafuta kuelewa. Inaanza na imani. Asiyeamini anaweza kuzichunguza dini, lakini kazi hiyo ina jina jingine.

Ni kweli kwamba masomo yatakuuliza maswali mazito. Utajifunza kwamba simulizi mbili za uumbaji katika Mwanzo zina mpangilio tofauti. Utajifunza kwamba Injili nne hazisimulii kila tukio kwa namna moja. Mtu aliyefundishwa kwamba imani ni kutouliza anaweza kuyumba hapo. Kwetu tumeona kwamba anayeyumba zaidi ni yule ambaye maswali hayo anayakuta peke yake kwenye simu yake usiku, bila mtu wa kumwuliza. Katika darasa kuna mwalimu, kuna wenzako, na kuna sala kabla na baada.

Halafu kuna swali ambalo Bukavu hakuna anayeweza kulikwepa: Mungu alikuwa wapi? Tunatumia wiki kadhaa kwenye kitabu cha Ayubu, na hatufanyi haraka. Rafiki zake Ayubu walikuwa na majibu tayari: umeteseka, basi umekosa. Mwishoni Mungu anawakemea wao, naye Ayubu aliyelalamika anaambiwa kwamba amesema yaliyo sawa. Mama aliyepoteza watoto akilisikia hilo kwa mara ya kwanza, hakuna haja ya mwalimu kuongeza neno.

Waafrika wenyewe wamekuwa katika kazi hii tangu zamani. Kitivo cha taalimungu kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1957. Hapo hapo, mwaka 1960, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu, aliyekuja kuwa askofu, alijadiliana hadharani na mwalimu wake Alfred Vanneste kama inawezekana kuwa na taalimungu yenye sura ya Kiafrika. Mjadala huo ungali hai, na darasa letu limo ndani yake.

9. Kwa nini mababu wanaitwa mwanzoni mwa misa? Je, huo si upagani?

Utaratibu wa misa kwa majimbo ya Zaire (jina la Congo wakati huo) ulikubaliwa na Roma mwaka 1988. Mwanzoni watakatifu wanaombwa wawe pamoja nasi, na pamoja nao wanaitwa mababu wenye moyo mnyofu, waliomtafuta Mungu kwa dhamiri njema. Hawaabudiwi wala hawatolewi sadaka. Kanisa linaamini ushirika wa watakatifu: kifo hakiwatengi walio wa Mungu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima), katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, unafundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake, anaweza kuokoka. Bibi yako mkubwa aliyekufa kabla ya mmisionari kufika hakutupwa.

Kitu kingine ni kumwendea mganga akuambie babu gani amekasirika na anataka nini. Hapo mtu anatafuta kutawala mambo yaliyofichika badala ya kumtumaini Mungu, na Kanisa linalikataa wazi. Katika utaratibu huo huo utaona kwamba toba hufuata Neno la Mungu na homilia, kisha tunapeana amani, ndipo tunapeleka matoleo. Tunasikiliza kwanza, tunajitambua, tunapatana, ndipo tunakaribia altare. Mwenye ugomvi na jirani anajua uzito wa mpangilio huo.

10. Mbona mnafundisha mambo ya rushwa na haki? Tulikuja kujifunza dini.

Kwa sababu hapa kwetu dini imelipiwa kwa damu kwenye mambo hayo. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kusimama hadharani kuwatetea raia na wakimbizi. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999 kuhusu mateso ya watu wake. Mwaka 2000 akazuiwa kukaa jimboni kwake na kupelekwa Butembo kwa miezi kadhaa. Alikufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, muda mfupi baada ya kurudi.

Hao walikuwa maaskofu, na mlei anaweza kusema kwamba hayo ni ya wakubwa. Basi mtazame Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, ng'ambo ya ziwa letu. Alisomea sheria, akafanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na jioni aliwasaidia watoto wa mitaani pamoja na Sant'Egidio, jumuiya ya walei wakatoliki. Alikataa pesa aliyopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Hakuhubiri, hakuongoza kwaya yenye sifa. Alikuwa ofisini kwake, na akajiuliza watu watakaokula kile chakula watapatwa na nini.

Kila mwaka tunasoma maisha yake na kisha tunawauliza wanafunzi: katika kazi yako, chakula kilichoharibika ni kipi? Mwalimu anayeuza pointi, muuguzi anayeuza dawa za bure, mweka hazina wa shirika. Ni jioni ngumu kuliko zote, nasi hatutaiondoa.

## Sala na maisha ya kiroho

11. Mimi husali rozari kila siku. Inatosha?

Endelea nayo, usiiache. Masomo yanakuongezea njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kusali na Maandiko: kusoma kifungu kifupi polepole, kukitafakari, kumjibu Mungu, kisha kunyamaza mbele yake. Mashirika mengi yanaijua kwa umbo la hatua saba, lililotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Kosa tunaloliona ni kukimbilia hatua ya mipango na kuruka ile ya kimya. Kimya kinatutisha, dakika tatu zinaonekana saa nzima. Vumilieni.

Ya pili ni kuichungulia siku kabla ya kulala, kwa njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: kushukuru, kuomba mwanga, kupitia saa za siku, kuomba msamaha, kuiangalia kesho. Mama wa soko anaweza kuifanya akiwa amekaa juu ya kitanda, taa ikiwa imezimwa.

12. Mshauri wa kiroho lazima awe padri?

Hapana. Maungamo ni ya padri peke yake, lakini kusindikizwa katika sala kunaweza kufanywa na sista, bruda au mlei aliyeandaliwa, mwanamume au mwanamke. Mtafute mtu anayesali, anayetunza siri, na asiyekuambia kila mara kwamba Mungu amemtuma kwako na ujumbe.

## Huduma parokiani

13. Nikimaliza nitapewa huduma gani?

Kumaliza masomo hakukupi huduma moja kwa moja. Shirika lako linakujua, paroko anakuita, na huduma nyingine huhitaji askofu. Msomaji, katekista, mhudumu wa komunyo kwa wagonjwa, kiongozi wa shirika, mtu wa Caritas (huduma ya Kanisa ya kusaidia wahitaji), mwandalizi wa wachumba: kila moja ina maandalizi yake. Na wengi wa wanafunzi wetu hawachukui huduma yoyote kanisani. Wanarudi kazini na nyumbani kama wakristo wanaojua wanachoamini. Hilo ndilo tunalolitafuta kwanza.

Congo ina historia nzuri hapa. Maaskofu wetu walichagua jumuiya hai za msingi, ambazo sisi tunaziita mashirika, tangu mwaka 1961. Na mwaka 1975 Kardinali Malula wa Kinshasa aliwakabidhi walei wenye ndoa uongozi wa parokia, wakishirikiana na padri, wakaitwa bakambi.

14. Wanawake je?

Mlango uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo Januari 2021 Papa Fransisko alibadilisha kanuni ya 230 ili huduma za kudumu za usomaji na ukolite (kusaidia altareni) ziweze kutolewa pia kwa wanawake. Mei mwaka huo alianzisha huduma ya kudumu ya ukatekista kwa walei wote. Hayo ni ya Kanisa zima. Namna ya kuyatekeleza hupangwa na maaskofu. Ba-mama ndio wanaojaza madarasa yetu, na tungependa ba-papa waje pia.

15. Naweza kuhubiri kwenye misa?

Homilia ni ya padri au shemasi (kanuni ya 767). Mlei anaweza kutoa ushuhuda au mafundisho nje ya nafasi hiyo, akipewa ruhusa, na ndani ya shirika analieleza Neno kila wiki. Kulifafanua Neno katika nyumba ya jirani, watu wanane wakiwa wamekaa juu ya mkeka, ni kazi kamili.

16. Padri hafiki kwetu kila Dominika. Kiongozi mlei afanye nini?

Aongoze ibada ya Neno: masomo ya siku, mafundisho yaliyoandaliwa na padri au kwa ruhusa yake, sala za waamini, Baba Yetu, na komunyo ikiwa kuna mhudumu aliyeruhusiwa na Ekaristi imehifadhiwa. Asikalie kiti cha padri, na asisome sala ya Ekaristi hata kipande. Waambie watu wazi kwamba hii si misa, ili waendelee kuitamani misa.

17. Mtatufundisha kutoa pepo?

Hapana. Kupunga pepo rasmi kunafanywa na padri mwenye ruhusa ya wazi ya askofu (kanuni ya 1172). Mlei anasali na mgonjwa, anamfariji, na anamfikisha hospitali. Tunasisitiza: mwanafunzi wetu yeyote asimtaje mtoto au mzee kuwa mchawi. Maneno hayo yamewafukuza watoto nyumbani na kuwaua wazee. Ukisikia familia inaanza kuyasema, mwite paroko haraka.

18. Cheti chenu kina thamani gani?

Kinathibitisha kwamba umesoma. Parokia yako itakizingatia. Si shahada. Anayetaka shahada ya taalimungu aende kwenye kitivo kinachotambuliwa, kama cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Congo, Kinshasa, ambako mlei pia husomea.

## Hali za pekee

19. Nimeoa kimila tu. Naweza kusoma?

Ndiyo. Kusoma hakudai kupokea komunyo. Huduma kama ya katekista au ya komunyo itasubiri hadi ndoa yenu ibarikiwe. Wengi wanakwama kwenye gharama za sherehe: wakristo wawili wanahitaji mapatano yao, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Pombe, kitenge cha pamoja na picha havimo katika sakramenti. Ongea na paroko. Misa ya asubuhi inatosha.

20. Nina wake wawili na nataka kubatizwa.

Karibu kwenye masomo leo. Ubatizo utakudai ubaki na mke mmoja. Kwa kawaida ni wa kwanza. Kanuni ya 1148 inaruhusu mwingine ikiwa ni vigumu kwako kubaki na yule wa kwanza. Kanuni hiyo hiyo inamtaka askofu ahakikishe kwamba wanaoachwa wanatunzwa kwa haki na upendo. Mwanamke hafukuzwi na watoto ili mwanamume apate kubatizwa. Jambo hili linachukua muda, na ba-mama wote wawili lazima wasikilizwe.

21. Mtoto anakufa na padri yuko mbali. Nifanye nini?

Mbatize wewe. Katika hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kubatiza. Mimina maji ya kawaida juu ya kichwa chake ukisema: «Fulani, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu». Sema «ninakubatiza», si «tunakubatiza». Mwaka 2020 Roma ilithibitisha kwamba neno hilo la pili halibatizi. Kisha mjulishe paroko aandike kitabuni. Mtoto akipona, habatizwi tena. Analetwa kanisani kwa ibada zilizobaki.

22. Niliacha Kanisa nikaenda kwenye kanisa la uamsho. Nataka kurudi, lakini naona haya.

Huhitaji kubatizwa upya. Ubatizo wako haukufutika. Mwone padri, uungame, mambo mengine mtayazungumza hapo. Ikiwa mtoto wako alibatizwa kule, eleza jinsi ilivyofanyika na maneno yaliyotumika, ili paroko aone kama ubatizo ni halali.

Darasani hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Ukipenda kusimulia, simulia: waliobaki wanahitaji kujua ulichokikosa kwetu hadi ukaondoka. Mara nyingi tunaambiwa ni kitu kimoja: kule mtu alimwita mgeni kwa jina lake siku ya kwanza. Ukija, mwambie anayepokea watu mlangoni jina lako na shirika lako la zamani, naye atakutambulisha kwa kikundi kilicho karibu na kwako.